Shukrani kwa mama wa feri ya Likoni

Jumanne nilikuwa kwenye feri, nimebanwa kati ya baiskeli ya muuza madafu na mkokoteni wa viazi, nikipekuapekua kitabu kama mtu aliyepotelewa na noti. Riwaya ya polisi na mwizi waliolazimika kusaka jambazi pamoja. Polisi kanyooka kama rula, mwizi ndiye mwenye akili. Nilikuwa nikicheka peke yangu tangu Jumapili. Niliinunua mtumba, Mwembe Tayari. Kumbe kurasa 16 za mwisho hazipo! Ni kama kualikwa harusini ukafukuzwa kabla ya biriani.

Mama mmoja wa buibui akaniuliza, "Mwanangu, wapotewa na nini?" Nikamweleza. Akacheka: anacho, tena kizima. Nikamsihi anidokeze tu mhalifu ni nani. Akakataa katakata. "Nikikwambia, mwizi ntakuwa mie."

Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa palepale kwenye mteremko wa Likoni. Kitabu kakifunga kwa kipande cha leso, na ndani kaweka uzi mwekundu pale hasa nakala yangu ilipokatikia. Pesa hakutaka. Sharti lake moja: nisikunje pembe za kurasa.

Ijumaa nilimrudishia, leso na uzi vikiwamo, nikasahau kumuuliza jina.

Mama, ahsante sana. Nanyi wenye vitabu vizima kabatini, hebu waazimeni majirani.

Na yule polisi, jamani! Sikumdhania hata kidogo.