Mabadiliko ya saa: filamu za Jumamosi

Wapenzi wa filamu, habari za jioni. Jumamosi tunaanza saa moja na nusu usiku, si saa kumi na mbili. Mahali ni palepale, uani Ntinda, Kampala. Kabla giza halijaingia projekta hutoa picha iliyopauka tu.

1. Kwanza Queen of Katwe (2016) ya Mira Nair, yenye urefu wa saa mbili na dakika chache. Kisha Who Killed Captain Alex? (2010) ya Wakaliga, mtaa wa Kampala, ile yenye sauti ya VJ, yaani msimulizi anayetia maneno na mizaha juu ya filamu. Bila VJ utamu wote umekwisha!

2. Mchango shilingi 10,000, utumwe kwa simu kwa mweka hazina: viti, chai, mafuta ya jenereta.

3. Wenye faili: flashi iwe ya mfumo wa faili wa exFAT. Mfumo wa FAT32 haupokei faili inayozidi GB 4, ndiyo maana nakala hugoma. Faili ya maandishi ya tafsiri ipewe jina lilelile la filamu. Spika ni kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti, midomo na maneno vikaachana.

Ubishi wa filamu zipi bora, za zamani au mpya, tuuache hadi mwisho jamani.

Tafadhali jibu "Nipo" au "Sipo", na utume mchango, kabla ya Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Mwenye mgeni aseme.