Acheni kumtwisha mtoto jina la jiniasi

Ndugu Mhariri,

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile picha ya ukurasa wa mbele, mtoto wa miaka tisa kashikishwa kitabu kikubwa kuliko kifua chake na juu yake mmeandika JINIASI kwa herufi za kutisha, imenishinda kuipita. Mtoto mwenyewe hata hacheki. Mliyaangalia macho yake kabla ya kuichapa?

Naongea hivi kwa sababu hilo jina nishalivaa. Nilijua kusoma kabla sijaanza shule na nikawa nafanya hesabu za kaka yangu aliyenizidi madarasa matatu, basi wageni wakija lazima niitwe sebuleni, "njoo umuoneshe anko, kumi na saba mara ishirini na tatu?", nasema mia tatu tisini na moja, makofi, mama anatabasamu wiki nzima. Siku moja nikakosea. Hesabu yenyewe siikumbuki, nakumbuka tu kile kimya na baba akasema "huyu leo kachoka". Yani hata kukosea nikawa siruhusiwi, nikikosea nimechoka!

Kuanzia hapo nikajifunza kazi mpya, kuficha. Zoezi nalifanyia kwanza pembeni kwenye kikaratasi kwa penseli, nafuta, narudia, nikipata ndo nalihamishia kwenye daftari kwa kalamu na kikaratasi nakichana nakitia mfukoni, mara nyingine nilikuwa nakitafuna kabisa. Daftari langu halikuwa na mahali hata pamoja palipokatwa, mwalimu akawa analipitisha darasani, "oneni daftari la mwenye kichwa". Kuuliza swali ndo sikuthubutu kabisa, manake kipanga anaulizaje? Tulipofika sekondari zikaja mada ambazo haziji zenyewe kichwani, wenzangu walioitwa wa kawaida walishazoea kuuliza na kurudia na kuchekwa kidogo maisha yakaendelea, mi hayo mazoea sina, nikawa naumwa tumbo kila asubuhi ya mtihani, na ni tumbo la kweli sio la kusingizia. Matokeo yalipotoka nilikuwa wa katikati. Nyumbani ilikuwa kama msiba, na mimi nilikuwa nimefaulu jamani!

Nisionekane nalilia tumbo langu tu. Kule Marekani alikuwepo William James Sidis, kazaliwa 1898, baba yake mtaalamu wa saikolojia na wala hakuficha kwamba anamlea kwa mbinu zake. Mwaka 1909 akaingia chuo kikuu cha Harvard ana miaka 11, Januari 1910 akasimama mbele ya wanahisabati kuwafundisha mambo ya maumbo ya vipimo vinne, yani yenye kipimo kimoja zaidi ya urefu, upana na kimo, magazeti yakamganda. Alipokuwa mtu mzima akakimbilia kazi ndogo ndogo za ukarani, za kujumlisha namba kwa mashine, na hobi yake ilikuwa kukusanya tiketi za kubadilishia tramu, alizipenda mpaka akaziandikia kitabu kizima (safi tu, kila mtu na kilevi chake). Alichokuwa anataka ni kuachwa. Mwaka 1937 jarida la The New Yorker likamfukunyua, likaeleza anavyoishi, akaenda mahakamani, na 1940 mahakama ya rufaa ikaona kwamba umma bado una haki ya kujua yule mtoto wa ajabu aliishia wapi. Akafa 1944, ana miaka 46. Watu wanapenda kusema akili nyingi ndo ilimmaliza. Mi naona akili haikuwa na tatizo lolote, kilichomchosha ni watu kumsubiri mlangoni.

Na wataalamu nao waliligusa hili. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walitoa utafiti, watoto wamefanya mafumbo vizuri, wengine wakasifiwa kwa akili, wengine kwa bidii. Waliosifiwa akili wakawa wanachagua kazi ambayo hawataabiki, walipopewa ngumu wakayumba, na walipoambiwa waandike alama walizopata, waliodanganya walikuwa wengi zaidi upande wao. Niliposoma hapo nikakumbuka ladha ya karatasi mdomoni.

Halafu hata hilo jina lenyewe linagawiwa kwa kubahatisha. Lewis Terman, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza 1921 kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 wenye alama za juu za IQ, yani kipimo cha akili, na kati ya waliopimwa wakaachwa kwa kutofikisha walikuwemo William Shockley na Luis Alvarez, ambao wote baadaye walichukua Nobeli ya fizikia. Kwa hiyo huyo mliyemweka ukurasa wa mbele mnamtwisha mzigo na aliyekaa dawati la nyuma mnamwambia asijisumbue.

Sisemi mtoto mwepesi aachwe apige miayo darasani, hapana, hiyo nayo ni mateso, apewe kazi ngumu inayomtoa jasho na apewe mtu wa kumuuliza. Wazazi najua mnaona fahari, nami ningeona. Ila kumsifia mtoto kwa alichofanya, "umelikomalia hilo fumbo mpaka limekubali", na kumwambia yeye ni nani, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Mkienda tena kwa yule mtoto, na najua mtaenda siku ya matokeo, msimuulize anataka kuwa nani wala ana siri gani ya kufaulu. Muulizeni kwa sasa ni kitu gani kinamshinda, mchape hicho. Akiwaambia hakuna, mjue kikaratasi kiko mfukoni.

Ni mimi,
Kipanga mstaafu