Kdenlive ikikataa video ya harusi, usiifute

Harusi zinapobanana kabla ya Ramadhani, dukani kwetu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, huletwa laptopu nyingi za Linux zenye kilio kimoja: video haifunguki. Juzi alikuja dada anayerekodi sherehe za kupamba. Video za kamera zilicheza vizuri kwenye Kdenlive, programu ya kuhariri video, lakini za simu zilitoa sauti tupu, picha hakuna. Alishafuta mbili akidhani zimeoza. Zilikuwa nzima, na bibi harusi hapambwi mara ya pili ili arekodiwe. Ndiyo maana tunaandika haya.

Faili ya MP4 ni kasha tu. Kodeki, yaani njia ya kubana video, ndiyo namna nguo zilivyokunjwa ndani yake. Makasha mawili yanaweza kufanana kwa nje, moja lina H.264 ya mwaka 2003, jingine lina H.265 ya 2013, ambayo simu nyingi za sasa huitumia ili kuokoa nafasi. Kdenlive na mwenzake Shotcut hazikunjui zenyewe; zinaitegemea FFmpeg, programu inayosoma kodeki. Kwa hiyo FFmpeg ikipungukiwa, utalaumu programu isiyo na kosa.

Laptopu ya huyo dada ilikuwa na Fedora, aina moja ya Linux. Kwa sababu ya hataza, Fedora huja na FFmpeg iliyopunguzwa, isiyo na H.265. Dawa yake ni kuongeza RPM Fusion, hazina ya programu za ziada za Fedora, kisha kuandika kwenye terminali:

sudo dnf swap ffmpeg-free ffmpeg --allowerasing

Alipofungua Kdenlive upya, picha zilikuja. Wenye Ubuntu, aina nyingine ya Linux, hawapati sana shida hii. Na kama hutaki kugusa mfumo, chukua Kdenlive ya AppImage (faili moja isiyohitaji kusakinishwa) kutoka tovuti yake rasmi, maana hiyo hubeba FFmpeg yake yenyewe. Kabla ya lolote, andika kwenye terminali ffprobe, amri inayokuja na FFmpeg, na jina la faili. Itakuambia kilichomo kwenye kasha, nawe uache kubahatisha.

Shida ya pili ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa sababu huonekana kazi ikiwa imekwisha. Video inafunguka, unakata, unapanga, na mwishoni midomo ya mwimbaji wa taarabu inaachana na sauti. Simu haina mwendo mmoja: mwanga ukipungua ukumbini, inapunguza idadi ya fremu, yaani picha, kwa sekunde. Kwa mtazamaji si kitu, kwa mhariri ni balaa. Kdenlive hugundua hilo unapoingiza video na hukuuliza kama iibadilishe iwe rahisi kuhariri. Wengi huifunga ile ilani bila kuisoma. Tafadhali, kubali.

Lakini usibadilishe kila kitu. Video ya HD ikigeuzwa kuwa DNxHR, kodeki ya kuhariria isiyobana sana, ya ubora wa juu, hula zaidi ya gigabaiti 1 kwa kila dakika, na sherehe ya saa 4 itajaza diski kabla hujaanza kazi. Ukigeuza tena na tena kwa H.264, kila mara picha inapoteza kitu, na dhahabu na hina ndizo huchujuka kwanza. Ikiwa mashine inasuasua tu, washa proksi: unahariri nakala nyepesi, na video ya mwisho inatengenezwa kutoka kwenye faili asili.

Ukiona maneno «moov atom not found», yaani faharasa ya video haipatikani, hapo si kodeki. Mara nyingi betri ilizimika kabla kamera haijafunga faili. Usirekodi tena kwenye kadi hiyo. Tuletee pamoja na video nyingine nzima iliyopigwa kwa kamera ileile na mipangilio ileile. Programu huria ya untrunc huitumia kama kielelezo, na mara kadhaa tumeokoa karibu yote.

Kuangalia tatizo hatutozi. Ila leteni faili asili kwa waya au kwenye kadi. Iliyopita WhatsApp kama video ya kawaida imeshabanwa upya, na kilichopotea humo haturudishi.