Tundu dogo si kwa kila saratani

Mhariri, asalaam aleykum. Naandika kutoka Wete kuhusu huu upasuaji wa matundu madogo, ule daktari anaingiza kamera na vifaa tumboni bila ya kidonda kirefu, maana siku hizi kila mgonjwa anautaka, na jamaa tunachangishana pesa tukijua kipya ndo bora.

Kwa saratani ya utumbo mpana sina neno. Utafiti wa Marekani wa 2004, wagonjwa 872, ulionesha baada ya miaka 3 saratani inarudi karibu sawa kwa njia zote mbili, na wa matundu akawahi kutoka hospitali na maumivu kidogo, na sie tunaopanda boti Mkoani kwenda kutibiwa Unguja hata siku moja ya kulala inahesabika.

Lakini shingo ya kizazi jamani ni habari nyengine kabisa. 2018 ulitoka utafiti wa wanawake 631 wa nchi mbalimbali, wote ugonjwa uko hatua za mwanzo, na ikaonekana miaka 4 na nusu baadae waliokuwa hai bila saratani kurudi ni asilimia 86 kwa matundu, waliopasuliwa wazi 96.5!

Wifi yangu alipoambiwa atapasuliwa wazi alilia, akaona kapewa tiba ya maskini, na hakuna aliyemkalisha akamueleza. Nawaomba madaktari wetu waseme na wagonjwa, na gazeti liwape nafasi.

Msomaji, Wete, Pemba