Yakobo na vifo vyake viwili

Mpendwa Baraka,

Salamu nyingi, pamoja na shemeji na watoto. Umeniuliza historia ya Ukristo wa mwanzo inaishia wapi na ngano zinaanzia wapi. Ukiuliza kwa jumla hivyo utazunguka bure. Mshike mtu mmoja: Yakobo ndugu yake Bwana, ambaye Paulo anawaambia Wagalatia kuwa alimwona Yerusalemu alipokwenda kwa Kefa, yaani Petro.

Kifo chake kimesimuliwa mara mbili. Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyezaliwa mji huohuo mwaka 37, anakitaja kwa kupita tu. Mwaka 62 liwali wa Kirumi Festo alifariki, na Albino aliyeteuliwa kushika nafasi yake alikuwa bado njiani. Kuhani mkuu Ananus akautumia mwanya huo: akaitisha baraza, Yakobo na wengine wakahukumiwa kupigwa mawe. Wenye kuishika sheria walichukizwa, wakashtaki, na Ananus akavuliwa cheo alichokikalia miezi mitatu tu. Siasa tupu, hakuna muujiza. Yesu "aitwaye Kristo" anatajwa ili msomaji ajue ni Yakobo yupi, maana akina Yakobo walikuwa tele.

Sasa njoo kwa Hegesippus, Mkristo wa karne ya 2. Yakobo wake hanywi divai, hali nyama, hanyoi, na magoti yake yamekuwa sugu kama ya ngamia kwa kuwaombea watu. Anaingia patakatifu peke yake (asiye kuhani! hapo mimi hucheka). Wanamsukuma kutoka kinara cha hekalu, hafi. Wanampiga mawe, naye anawaombea msamaha kwa maneno ya Yesu msalabani. Mwisho dobi anampiga rungu la kufulia kichwani. Na mara, asema, Vespasian, jemadari wa Kirumi, akauzingira mji. Kumbe vita vya Wayahudi na Warumi vilianza mwaka 66, na Vespasian akaja mwaka uliofuata. Miaka imekunjwa ili maangamizi yaonekane kuwa malipo ya damu ile.

Usimwite mwongo, lakini. Mawe yamo kote kuwili, na Yerusalemu kweli iliteketea mwaka 70. Waliofiwa na mji walitafuta sababu, na kifo cha mwenye haki kilikuwa karibu. Kwa tarehe namwamini Josephus. Kwa uchungu wa waumini, Hegesippus.

Soma Matendo 7, kifo cha Stefano, uone maombi yaleyale, kisha uniandikie nani unadhani amemwiga nani.

Wako,
Elia