Kwa nini tunakaa siku nzima kwenye kiwanja kitupu

Mteja mmoja alisimama pembeni ya kiwanja chake tangu asubuhi akitutazama tukisogeza vifaa huku na huko. Ilipofika saa nane mchana akashindwa kuvumilia: "Hapa pana nini cha kupima siku nzima? Si majani matupu?" Ni swali halali, maana mlipaji ni yeye. Siku ile tulimjibu kwa ufupi kwa sababu jua lilikuwa linashuka na bado tulikuwa na picha za upande wa magharibi. Jibu refu ndilo hili.

Tunapima maeneo kabla minara ya simu, vyumba vya mitambo na njia za faiba (nyaya za kioo zinazobeba data) hazijajengwa. Kwa kawaida mteja hutukabidhi koodineti, yaani namba zinazoonyesha nukta moja kwenye ramani, na kutuambia twende tukathibitishe. Nukta ile imechaguliwa na mhandisi wa mtandao akiwa mbele ya ramani, akitafuta mahali ambapo mawimbi yatafika kwa watu wasio na mawasiliano. Kazi yake ameifanya vizuri. Ila ramani haimwambii kwamba nukta yake imeangukia katikati ya kijito, au kwamba mwenye shamba hataki kusikia habari za mnara. Ndiyo maana nukta huja na duara kuizunguka, na sisi tunazunguka ndani ya duara hilo kwa miguu hadi tupate viwanja viwili au vitatu vinavyoweza kulinganishwa. Ukiona ripoti ya upimaji yenye kiwanja kimoja tu, uliza vingine vilikataliwa kwa sababu gani.

Tuanze na koodineti zenyewe, maana hapo watu wengi hudhani simu inatosha. Penye anga wazi simu ya kawaida hukosea kama mita 5. Chini ya miti au katikati ya majengo marefu hukosea zaidi. Kwa kutafuta njia ya kufika, hilo si tatizo. Kwa kiwanja chenye upana wa mita 15, mita 5 zinatosha kuupeleka mguu wa mnara kwa jirani. Kwa hiyo mipaka tunaipima kwa vipokezi vya setilaiti vinavyosahihishana, ambavyo kosa lake ni la sentimita. Jambo la pili ni msingi wa koodineti. Vifaa vya setilaiti hutumia mfumo uitwao WGS 84, lakini ramani nyingi za zamani za viwanja zilichorwa kwa mifumo mingine, na nukta ileile ikisomwa kwenye mifumo miwili inaweza kutofautiana kwa mamia ya mita. Hati ikituambia jambo moja na kifaa jambo jingine, tunasimamisha kazi mpaka tujue kila namba ilitoka mfumo gani.

Dira nayo ina mambo yake. Inaonyesha kaskazini ya sumaku, si kaskazini ya kweli, na kuna sehemu za dunia ambako tofauti ya hizo mbili hupita digrii 10. Tena ukisimama karibu na gari au paa la bati, sindano inavutwa. Sahani ya maikrowevu, yaani antena inayotuma data kwa mawimbi ya redio kutoka mnara mmoja hadi mwingine, hurusha mwale mwembamba, mara nyingi wa digrii 2 au 3 tu, kwa hiyo kosa la digrii 10 kwenye ripoti linamfanya fundi aliye juu ya mnara atafute mnara wa pili mahali usipokuwepo.

Sasa kuonana kwa minara. Hili ndilo linalokula muda wetu kuliko yote, na sijutii hata dakika moja. Mnara mpya lazima upokee data kutoka mahali fulani, na pasipo na faiba huipokea kwa maikrowevu kutoka mnara mwingine. Mteja husema, "Nikipanda juu ya paa nauona ule mnara wa pili, kwa hiyo pako sawa." Kwa jicho ni kweli, lakini mawimbi yanahitaji nafasi pana kuliko jicho. Husafiri ndani ya umbo lililotuna katikati kama muwa ulionenepa, linaloitwa eneo la Fresnel. Kwa kiungo cha kilomita 10 kwenye masafa ya gigahezi 7, nusu ya upana wa umbo hilo katikati ya njia ni kama mita 10, na desturi ya wahandisi ni kuhakikisha angalau asilimia 60 yake iko wazi. Maana yake mti unaofikia mita 3 tu chini ya mstari wa jicho tayari unakula mawimbi yako, ingawa wewe unauona mnara wa pili vizuri kabisa.

Ongeza mviringo wa dunia. Katika njia ya kilomita 40 ardhi huinuka katikati kwa takriban mita 23, hata baada ya kuhesabu jinsi hewa inavyoyapinda mawimbi katika hali ya kawaida. Hakuna jicho linaloona hilo. Ndiyo maana tunachora mkato wa ardhi ya njia nzima, kisha tunakwenda wenyewe kwenye vilele na sehemu zenye shaka kupima kimo cha miti na majengo. Huko tunatazama pia yajayo: mti ni wa aina inayokua mpaka wapi? Jengo lile ambalo nondo zimeachwa zimechomoza juu ya slabu, si mwenyewe amepanga kuongeza ghorofa? Kwenye kiwanja chenyewe tunapiga picha 12 kuzunguka, moja kila digrii 30, ili mhandisi aliye mbali aone tunachokiona.

Chini ya miguu ndipo fedha za mradi hupotelea. Watu wengi hudhani mnara unaogopa uzito wake. Unaogopa upepo zaidi. Upepo ukisukuma mnara wa miguu minne, miguu ya upande mmoja inakandamizwa na ile ya upande unaotoka upepo inang'olewa kama jino, na msingi lazima ushinde nguvu hiyo ya kung'oa. Kinachousaidia ni uzito wa zege na wa udongo ulio juu yake. Maji ya ardhini yakiwa karibu na uso, yanaubeba msingi na kuupunguzia uzito huo. Kwa hiyo tunachimba mashimo ya majaribio, tunatazama tabaka, tunachukua sampuli za maabara. Udongo mweusi wa mfinyanzi tunauandika kwa herufi kubwa, kwa sababu huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi usiosanifiwa kwa ajili yake utatikisika kila msimu.

Kiangazi kinadanganya, hili nalisema kwa uchungu. Tuliwahi kupitisha kiwanja kilichokuwa kikavu kabisa, hatukuuliza mtu, na mvua zilipofika mkandarasi akakuta mashimo ya msingi yamejaa maji hadi juu. Kosa lilikuwa letu. Tangu siku ile hatuondoki bila kuzungumza na majirani wasiopungua wawili, na tunatafuta alama za maji kwenye kuta na mashina ya miti.

Tunapima pia ukinzani wa udongo kwa umeme, kwa vijiti vinne vilivyopangwa kwenye mstari kwa nafasi sawa, njia aliyoieleza Frank Wenner mwaka 1915. Mnara huvuta radi, na ethi yake, yaani nyaya na vyuma vilivyofukiwa, lazima iipeleke ardhini haraka. Kwenye mwamba au mchanga mkavu ethi ya kawaida haitoshi. Utahitaji nyaya ndefu zaidi, na ni nafuu kulijua hilo kabla zege halijamwagwa.

Barabara na umeme navyo tunavipima: daraja litabeba lori la vyuma? Kona itapitika? Kreni itasimama wapi? Transfoma iliyo karibu ina nafasi, au utahitaji sola na jenereta, pamoja na mtu wa kuleta mafuta? Kama mnara ni wa kushikiliwa kwa nyaya, kumbuka kwamba nanga zake hukaa mbali na mlingoti, kwa hiyo kiwanja kidogo kinakataliwa hata kama udongo ni mzuri. Kwa mitambo ya juu ya paa, tunataka michoro ya jengo. Bila michoro tunatafuta nguzo na mihimili kwa vifaa, kwani slabu peke yake haikusanifiwa kubeba mlingoti.

Njia za faiba zinatembewa zote. Gari linapita juu ya kalavati bila kuliona, mguu hauwezi. Tunaandika kila makutano, kila bomba, kila daraja, kila ukuta utakaohitaji kuvunjwa na kujengwa upya. Kifaa cha kutafuta nyaya kinagundua chuma na umeme, lakini bomba la plastiki lisilo na waya wa kulifuatia kinalipita kimya. Hapo tunatumia rada ya ardhini, na palipo na shaka tunachimba kwa mikono. Bomba la maji likikatwa, wanaokosa maji ni watu ambao hawakuusikia hata mradi wenyewe.

Watu, kwa kweli, ni sehemu ya upimaji. Tunauliza nani hasa mwenye kiwanja na nani mwenye haki ya kutia saini, kwa sababu ardhi ya familia yenye warithi watano haiuzwi na mmoja. Tunaangalia kama kuna uwanja wa ndege karibu, maana kimo cha mnara na taa zake vitahitaji kibali. Majirani hutuuliza kuhusu mionzi, na wanastahili kujibiwa kwa heshima: kuna mwongozo wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya wataalamu wa kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, uliohuishwa mwaka 2020, unaoweka mipaka ya mawimbi ya redio kwa afya ya binadamu, na mradi unapaswa kuonyesha kwa vipimo kwamba uko ndani ya mipaka hiyo. Waelezwe kabla malori hayajafika.

Ripoti yetu ikisema "hapafai", tunajua imekuudhi. Tunaambatanisha picha, vipimo na kiwanja mbadala, na tuko tayari kurudi nawe mahali penyewe tukuonyeshe. Ukituita, njoo na nakala ya hati ya kiwanja, michoro ya jengo kama ni paa, na urefu wa mnara unaoutaka. Na siku yenyewe awepo mtu mwenye ufunguo wa geti tangu saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu milima ya mbali huonekana vizuri kabla joto halijapanda.