Msimlazimishe mtoto wa hadithini kuomba radhi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzazi aliyeandika katika safu hii akilalamika kwamba hadithi wanazosomeshwa watoto siku hizi zinawafundisha jeuri. Alitaja hadithi ambamo mtoto anatupa kitabu mbele ya mwalimu na kukikanyaga, na akapendekeza hadithi za namna hiyo ziondolewe madarasani, au zibadilishwe mwisho ili mtoto aombe radhi. Sina shaka aliandika kwa nia njema. Ila naona alisimuliwa kile kitabu, hakukisoma. Mimi nimekisoma na wanafunzi wangu darasa baada ya darasa, kwa hiyo niruhusu nieleze kilichomo.

Kitabu chenyewe, kama sikosei kukitambua, ni Roll of Thunder, Hear My Cry cha Mildred D. Taylor, kilichotoka Marekani mwaka 1976 na kupata nishani ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka uliofuata. Hadithi iko katika jimbo la Mississippi, mwaka 1933. Anayesimulia ni Cassie Logan, msichana wa miaka tisa. Anayetupa kitabu ni mdogo wake wa miaka sita, ambaye nyumbani wanamwita Little Man, mtoto mpenda usafi hadi anachosha. Asubuhi ya siku yake ya kwanza shuleni, basi la watoto wa kizungu limeshampita barabarani na kumfunika vumbi jekundu, nguo zake mpya zote. Watoto weusi hawana basi. Wanakwenda kwa miguu.

Darasani mwalimu anatangaza kwa furaha kwamba mwaka huu kila mtoto atapata kitabu cha kusomea. Vitabu vinagawiwa: vimechakaa, vichafu, kurasa zimechanika. Little Man anaomba apewe kingine kilicho safi kidogo. Naomba mzazi mwenzangu asiiruke sentensi hiyo. Mtoto anaomba, tena kwa adabu, na anaambiwa achukue alichopewa. Anakichukua. Anakifungua. Ndipo anapoona, upande wa ndani wa jalada, jedwali lililopigwa mhuri na ofisi ya elimu: mwaka kitabu kilipotolewa, hali yake, na rangi ya aliyepewa. Safu baada ya safu, kilipokuwa kipya na kilipokuwa kizuri, aliyepewa ni mtoto mweupe. Kikishafika hali ya ‘kibaya sana’ ndipo kinaandikiwa mtoto mweusi, kwa jina la dharau walilokuwa wakiitwa. Little Man anajua kusoma. Hilo ndilo mwalimu hakulitarajia kwa mtoto wa darasa la kwanza. Anakibwaga kitabu chini na kukikanyaga kwa hasira, anagoma kukiokota, na anachapwa.

Angalia jinsi Taylor alivyolipanga tukio. Lile jedwali hakulisimulia tu, amelichapa lote ukurasani, kwa hiyo msomaji analisoma kwa macho yake kama Cassie anavyolisoma katika kitabu chake mwenyewe. Fimbo inapoanguka, msomaji ni shahidi tayari. Haihitaji tena mwandishi amwambie nani anaonewa.

Sasa yanafuata yale ambayo barua ya mzazi haikuyagusa kabisa. Cassie anafungua kitabu chake, anaona jedwali lile lile, anakwenda mbele kumweleza mwalimu. Anamsihi, hatupi kitu. Anamwonyesha maandishi, anamtetea mdogo wake, kwa hoja. Mwalimu anamjibu kwamba ndivyo walivyo, arudi akakae. Cassie anakirudisha kitabu mezani na kusema hakitaki. Naye anachapwa. Kwa hiyo wanaosema mtoto angezungumza kwa upole wasome ukurasa unaofuata: aliyezungumza kwa upole alipata fimbo ile ile.

Na mwenye fimbo si mzungu. Ni mwalimu mweusi, mwanamke aliyezoea kuona mambo yakiwa hivyo na anayeamini kwamba watoto wakiyazoea mapema watateseka kidogo. Hapa ndipo kitabu kinaponishika mimi kama mwalimu, maana ubaguzi ulioandikwa kwenye jedwali umetoka ofisi ya mbali, lakini adhabu imetolewa na mtu wa karibu, mtu anayemfahamu mtoto kwa jina na anayemfahamu mama yake. Katika hadithi nyingi za uonevu mwandishi hutafuta jitu baya, sura mbaya, sauti mbaya. Taylor ametuletea mwalimu wa kawaida aliyechoka, mwenye masharti ya kazi ya kuyalinda. Nimekaa na walimu wa aina hiyo katika vikao vingi.

Mwalimu yule anakwenda kumshtakia mama yake Cassie, ambaye naye anafundisha shule hiyo hiyo. Mama anasikiliza, kisha anachukua karatasi na gundi na kuanza kuyafunika majedwali, kitabu kimoja baada ya kingine. Mwenzake anashtuka: hivi ni mali ya serikali! Hasira ya mtoto na hasira ya mama ni ile ile, isipokuwa ya mama imepata gundi. Na haimwokoi. Mbele katika hadithi wakubwa wa shule wanakuja darasani kwake, wanamkuta anafundisha historia ya utumwa isiyomo katika kitabu chao, suala la vitabu vilivyobandikwa karatasi linaibuliwa, na anafukuzwa kazi. Sielewi ni jeuri ipi mtoto atakayejifunza hapo. Mimi naona anaonyeshwa bei.

Hofu ya mzazi huyu si ngeni. Charlotte Brontë alipotoa Jane Eyre mwaka 1847, kwa jina bandia la Currer Bell, mhakiki mmoja wa Uingereza, Elizabeth Rigby, aliandika mwaka uliofuata katika Quarterly Review kwamba riwaya ile ni kinyume cha Ukristo, na kwamba roho iliyoiandika ndiyo iliyokuwa ikiwachochea watu kuasi mamlaka. Kosa la Jane lilikuwa nini? Ni yatima wa miaka kumi anayelelewa kwa mke wa mjomba wake na kukumbushwa kila siku kwamba anakula vya bure. Binamu yake wa miaka 14 anamrushia kitabu, anaanguka na kuumia kichwa, damu inatoka. Anapojibu mapigo, anayefungiwa katika chumba chekundu, chumba alimofia mjomba wake, ni yeye. Aliyemrushia kitabu haulizwi kitu.

Baadaye mke wa mjomba anamwambia msimamizi wa shule ya bweni, Jane akiwa amesimama pale pale, kwamba mtoto huyu ni mwongo. Mgeni akishaondoka, Jane anamgeukia mama yule na kumtolea yote: kwamba yeye si mwongo, kwamba angekuwa mwongo angesema anampenda. Ni maneno makali, na ukiyasoma kwa sauti darasani watoto hunyamaza kimya. Lakini Brontë haishii hapo. Jane anahisi ushindi, kifua kinafunguka, halafu haipiti muda mrefu furaha ile inamgeukia uchungu. Anabaki peke yake, anaogopa alichokifanya, na hajui aende wapi na hasira yake. Hakuna aliyemwamuru ajute. Ni mwandishi aliyejua kwamba hasira ya mtoto, hata ikiwa ya haki, ni mzigo mkubwa kwa kifua kidogo. Kuhusu msamaha, unakuja miaka mingi baadaye, Jane akiwa mtu mzima, mama yule akiwa kitandani anakufa. Jane ndiye anayesamehe. Mama hataki.

Katika riwaya zetu, kila nikisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971 naikumbuka Jane kwa kinyume chake. Zakaria anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Rosa hapati nafasi ya kutamka neno kama la Jane mbele ya baba. Kwa usomaji wangu, hasira ile iliyokosa mdomo ndiyo inayomfuata mbele ya safari na kumwelemea mwenyewe. Nayo riwaya hiyo iliwahi kuzuiwa shuleni, kwa sababu nyingine, najua, lakini watu wazima wakishaogopa kitabu sababu hazikosekani.

Mzazi anaweza kuuliza: basi kila hadithi ya mtoto mkali ni nzuri? Hapana. Nje ya saa za darasani huwasomea wachapishaji miswada ya vitabu vya watoto, na mingi inayonifikia ni mibovu upande wa pili. Mtoto anaadhibiwa kwa uonevu, anasimama juu ya dawati, anatoa hotuba ya ukurasa mzima yenye maneno ambayo hata mbunge yangemkwama, darasa zima linapiga makofi, mwalimu analia na kubadilika. Huo ni uongo, na watoto wanaujua kuwa ni uongo, wanacheka. Mtoto aliyeonewa hatoi hotuba. Anashikwa na kigugumizi, au anavunja kitu kisichohusika.

Mswada mmoja ulikuja mwaka huu ambao mwandishi wake alilijua hilo vizuri. Binti wa miaka kama kumi na mmoja anaishi kwa ndugu wenye nafasi. Pesa zinapotea chumbani. Hakuna anayemuuliza, anaambiwa tu kwamba watoto wa huko alikotoka wanajulikana, na anafungiwa stoo mchana kutwa. Akifunguliwa hasemi neno. Anavichukua viatu vya baba mwenye nyumba, ambavyo yeye ndiye huvipiga rangi kila asubuhi kabla ya kwenda shule, anakwenda uani, anavitumbukiza katika ndoo ya maji ya kudekia, kimoja kimoja, anavishikilia chini hadi mapovu yaishe. Kisha anaketi karibu na ndoo kungoja. Jioni pesa zinapatikana katika mfuko wa koti la baba huyo huyo. Nilipofika hapo niliuweka mswada chini nikapumzika kidogo, maana ni nadra.

Mchapishaji, ambaye sitamtaja, alikuwa ameambatanisha maelekezo: iongezwe sura fupi ambapo binti anaomba radhi kwa ajili ya viatu. Niliyasoma maelekezo yale hadi mwisho nikitafuta mahali ambapo mwenye koti naye anatakiwa kusema lolote. Hapakuwa na mahali. Ndiyo maana barua ya mzazi ilinigusa kuliko kawaida. Ile sura ya radhi imeshakuwa desturi, na waandishi wachanga wameanza kuiweka wenyewe kabla hawajaombwa.

Ushauri wangu kwa mzazi ni mdogo. Asome na mtoto wake sura ya kwanza ya kitabu alicholalamikia, kisha amuulize ni mstari upi ambapo mtu mzima angeweza kuzuia yote yaliyofuata. Wanafunzi wangu huufikia haraka: ni pale Little Man anapoomba kitabu kingine. Wengine hubisha kwamba ni kabla ya hapo, ofisini, siku jedwali lilipochorwa, na mabishano hayo hula kipindi kizima. Yupo pia mmoja aliyeshikilia kwamba mtoto hakupaswa kukanyaga kitabu hata kama kimemtukana, na alijitetea vizuri sana. Sikumkatalia. Hadithi ilimpa nafasi ya kusema hivyo bila kumwekea jibu kinywani, jambo ambalo ile sura ya radhi ingelimaliza mapema.

Mswada wa yule binti bado uko kwangu, na nitaurudisha wiki hii bila sura ya nyongeza. Nimependekeza jambo moja tu: asubuhi inayofuata aamriwe kuvipiga rangi viatu vile vile vikiwa bado vibichi, na tuione mikono yake ikifanya kazi hiyo. Kama mchapishaji bado anataka mtu aombe radhi, nimemwandikia pembeni ya ukurasa ni nani anayedaiwa.

Mwalimu wa fasihi na msomaji wa miswada